Nilivyopanga upya vioo vya prizimu vya duka la zamani Chicago

Kioo cha prizimu kina nyuso mbili, na karibu kila mtu anatazama ule usio na kazi. Nje kuna nakshi. Ndani kuna matuta yaliyolala mlalo, makali kama meno ya msumeno, na hayo ndiyo yanayoingiza mwanga dukani.

Nafanya kazi na mafundi wa kukarabati majengo ya zamani hapa Chicago. Nilikabidhiwa dirisha refu la juu ya mlango wa duka, lililozibwa kwa kibao cha biashara na kupakwa rangi kwa ndani. Chini ya rangi kulikuwa na vioo vya mraba, inchi 4 kwa 4, vyenye chapa ya Luxfer.

Huu ndio mji wa vioo hivyo. Maduka ya zamani yalijengwa membamba na marefu kwenda nyuma, yamebanana, mwanga unaingia mbele tu, na taa za umeme zilikuwa ghali. Mvumbuzi James Pennycuick alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya vioo hivi mwaka 1885, na miaka ya 1890 kampuni ya Luxfer ikaifanyia biashara Chicago. Nakshi za uso wa nje zilichorwa na Frank Lloyd Wright, msanifu majengo ambaye mwaka 1897 alipata hataza 41 za michoro hiyo. Dirisha letu lilikuwa na ile ya ua, ya duara zilizofungamana na miraba.

Ua hilo ni zuri, lakini ndilo lililonisumbua. Ligeuze juu chini au ulilaze ubavu, nje linaonekana vilevile. Kumbe aliyewahi kulitengeneza dirisha kabla yetu alirudisha vioo kadhaa kwa kufuata ua, bila kuangalia matuta ya ndani.

Mwanga wa angani hushuka kwa mshazari. Ukipita kioo cha kawaida unaishia sakafuni, karibu na dirisha. Prizimu huupinda kuelekea upande wake mnene. Kwa hiyo kila tuta linatakiwa liwe nene juu na jembamba chini, ili miale inayoshuka inyooke na kwenda hadi nyuma ya duka. Kioo kikigeuzwa, kinaumwaga mwanga miguuni pa mteja.

Nilianza na kidole. Kwenye vioo vyetu, kioo kilichokaa sawa kinakwamisha kidole kikishuka na kukiacha kiteleze kikipanda. Vilivyoleta shaka nilivipeleka stoo yenye giza, nikavimulika kwa tochi kutoka juu kwa mshazari, huku nikitazama doa la mwanga linatua wapi kwenye ukuta wa mbele. Mshale wa chaki kwenye kila kioo kuonyesha upande wa juu, basi.

Kuvitoa kulikuwa kazi ya subira. Vioo hivi havikushikwa kwa puti. Kati ya kioo na kioo huwekwa ukanda mwembamba wa shaba, kisha paneli nzima inazamishwa kwenye maji yenye chumvi ya shaba na kupitishiwa umeme hadi shaba inajijenga kingoni na kuviunganisha. Tulifunua kingo taratibu, tukageuza kioo, tukafunga na kulehemu. Rangi tuliilainisha na kuikwangua kwa kijiti cha mbao, mfereji mmoja mmoja, halafu sabuni laini na brashi. Asidi sikuigusa, maana inakula shaba.

Vilivyokosekana tulivipata kwa wauza mabaki ya majengo. Mwenye duka alitaka vifanane na vingine kwa nje. Vingine vilikuwa na ua lilelile lakini matuta ya pembe tofauti, kwa sababu vioo hivi vilitengenezwa kwa pembe mbalimbali kulingana na mbingu inayoonekana kutoka dirishani. Nilimwita stoo, nikamulika ukutani kimoja chenye ua linalofanana na kimoja chenye pembe inayofaa. Akachagua pembe. Viwili ambavyo ua wake hauendani tuliviweka pembeni kabisa, nyuma ya nguzo ya mlango.