Kayaki inayokubaliana na magoti yangu

Gegedu la magoti yangu limelika, na nyonga ya kulia nayo imeanza kukaza. Daktari aliniruhusu mazoezi ya majini, mradi nisikae nimekunja magoti muda mrefu. Basi nilipotaka chombo cha kutembelea mkono wa bahari hapa Kilifi, nilianza na swali moja: nitaingiaje, na nitatokaje?

Mtumbwi wa gogo niliuacha mapema, kwani ni mwembamba, unalewalewa, na ndani yake unakaa chini kabisa. Ngalawa imetulia kwa sababu ya matengo yake, zile mbao za pembeni zinazoizuia kupinduka, lakini kuupanda ubavu wake kunataka goti zima, tena siwezi kuisukuma majini peke yangu.

Nikabaki na kayaki, chombo kidogo kinachoendeshwa kwa kafi yenye bapa kila mwisho. Ile ya kutumbukiza miguu ndani ya tundu inakulazimisha kutanua magoti na kuyakaza kwenye mbavu zake. Nyonga ilikataa hata kabla sijaondoka ufukweni. Ya kukalia juu iko wazi. Naisimamisha kwenye maji ya magotini, naipa mgongo, nakaa kitako katikati ya kiti, halafu naingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Kutoka, nateremsha miguu yote upande mmoja, nakanyaga mchanga, nasimama.

Kiti ndicho kilichonichukulia muda. Nilitaka cha fremu, kilichoinuka, nyonga zikae juu kuliko magoti. Lakini kiti kikipanda, chombo nacho huyumba zaidi, kwa hiyo nikatafuta kayaki pana: hii yangu ina upana wa sentimita 86. Vikanyagio vinasogezwa, nami huviweka pale magoti yanapojikunja kidogo tu. Nilimwomba muuzaji anipe nafasi ya kukikalia pale dukani. "Kaa upendavyo, mama," akasema, nikakaa nusu saa nzima. Kwa dakika tano kila kiti ni kizuri.

Kafi msiidharau. Unaiinua mara nyingi mno, na kila gramu inafika begani. Nilinunua kayaki iliyokwisha kutumika ili pesa iliyobaki iende kwenye kafi ya nyuzi za kaboni, isiyofika kilo moja. Mpini nimeuvika mpira uwe mnene, maana kubana kitu chembamba kunaniumiza vidole. Mabapa yake yote mawili nimeyaelekeza upande mmoja, hivyo sipindi kifundo cha mkono kila ninapopiga.

Ubaya wa kayaki pana ni uzito. Siibebi, naivuta kwa kigari cha magurudumu mawili mpaka majini. Natoka asubuhi kabla upepo haujashika, nafuata maji yanapojaa, narudi yakianza kupwa, mabega yasipigane na mkondo. Magoti yakikaza njiani, nateremsha miguu majini, mmoja kila upande, nainyoosha hadi ilegee, kisha naendelea.