Nilivyojifunza kukataa hoja kwenye mkutano

Mwaka wangu wa kwanza kuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa Marekani nilipitisha hoja ambayo sikutakiwa hata kuiruhusu ijadiliwe. Kaka mmoja alisimama akasema ada imezidi, tushushe kutoka dola 120 hadi 60, ikaungwa mkono, nikauliza wanaoafiki, ukumbi mzima ndiyooo, wasioafiki kimya, makofi, tukaenda kula pilau. Wiki tatu baadae mama mmoja mtu mzima akanipigia akanisomea katiba neno kwa neno: ada imeandikwa humo, na katiba inabadilishwa kwa taarifa ya siku 30 na theluthi mbili ya kura. Akaniambia, "Mwanangu, ile kura haipo."

Ikabidi nirudi kwa watu kuwaambia ada bado ni 120, na wengine walishalipa 60 zao. Iliniuma sana. Ndo nikakaa chini na kitabu ambacho katiba yetu inakitaja kama mwongozo wa vikao, Robert's Rules of Order, alichokitoa Henry Martyn Robert, injinia wa jeshi la huku, mwaka 1876, na mpaka leo vyama kibao vya Marekani vinakifuata. Kumbe limo wazi kabisa, hoja inayopingana na katiba ni batili hata mkiikubali wote, na mwanachama anaweza kusimama kuhusu utaratibu hata miezi imeshapita. Makosa madogo madogo ndo usiposema pale pale basi yamepita.

Mkutano uliofuata mtu akataka tuchangie kampeni ya mgombea wa hapa mjini kwetu. Nikamwambia kaka hii siwezi kuipokea, sisi tumesajiliwa kama 501(c)(3), yaani shirika la hisani lisilotozwa kodi huku, na sheria ya kodi inatukataza kabisa kumuunga mkono mgombea yeyote, tunaweza kupoteza msamaha wa kodi. Akakaa. Mwingine akairudisha hoja ya pikiniki tuliyoikataa saa moja tu nyuma, nikamwambia ilete kikao kijacho, au leo mmoja wa waliopiga kura ya hapana aombe tuifikirie upya. Nikaona mtu ukimtajia sababu, tena na kifungu, hakasiriki, kinachomuudhi ni kuambiwa tu "haikubaliki".

Halafu ikaja ya msiba. Hoja ilikuwa tutoe dola 3,000 kusafirisha mwili wa mwenzetu kwenda nyumbani, na dada mmoja akaomba marekebisho, tuongeze tiketi ya mtu wa kuusindikiza. Nikasema hapana, marekebisho lazima yahusiane na hoja yenyewe na mi naona tiketi ya mtu ni matumizi mengine kabisa, alete hoja yake baadae. Akasema, "Mwenyekiti, kwa heshima, nakata rufaa," na mzee mmoja nyuma akamuunga mkono. Moyo ulinienda mbio lakini kitabu kinasema rufaa kama hiyo lazima uipokee, unaeleza sababu yako, wanachama wanachangia, halafu unauliza uamuzi wa mwenyekiti usimame au usisimame, na kura zikilingana unasimama. Mzee akasema maneno machache tu, kwetu maiti haisafiri peke yake, mwili na msindikizaji ni safari moja. Kura zikahesabiwa, 12 usimame, 31 usisimame.

Nikasema uamuzi wa mwenyekiti umetenguliwa, marekebisho yako mezani. Na kusema kweli walikuwa sahihi, mi niliangalia risiti, wao wakaangalia safari. Yakapita, hoja yote ikapita, mtunza hazina akaandika hundi pale pale mezani, na ijumaa yake mdogo wa marehemu akapanda ndege kumpeleka kaka yake nyumbani.