Bibi na Ukuta wa Kwihara

Juzi jioni mwanangu alilala kifudifudi sebuleni akichora. Darasa la nne waliambiwa kila mtu achore nyumba nzuri kuliko zote alizowahi kuziona kwa macho yake. Akachora ya jirani yetu mpya, ile yenye paa la kuficha: boksi jeupe, dirisha refu la kioo, ukuta uliopanda juu mpaka umelimeza bati lote. Wengine wanaziita kontemporari. Siku hizi hapa Tabora zinaota kama uyoga. Mteja anakuja kwangu kutaka ramani, hajakaa hata kitini, ameshatoa simu anionyeshe picha ya nyumba ya namna hiyo.

Pembeni ya karatasi yake kulikuwa na picha niliyoipiga miaka mingi iliyopita, ya tembe la Kwihara, nyumba ya kale ya udongo. Akaitupia jicho mara moja, akauliza, "Baba, kumbe zamani nao walikuwa na paa la kuficha?"

Niliichukua ile picha nikaisogeza karibu na mchoro wake. Ukuta mnene, juu pamenyooka kama pamepigwa rula, hakuna bati wala nyasi inayochungulia. Kwa mpita njia ni nyumba ileile. Nimechora ramani za watu miaka yote hii na sikuwahi kuziweka hizo mbili pamoja. Mtoto ameziona kabla penseli haijakauka mate.

Tangu hapo bibi hajanitoka kichwani.

Ilikuwa Oktoba 2009, ile wiki ambayo upepo wa Tabora unanuka vumbi na maembe mabichi na kila mtu anatazama juu. Baba mdogo na shangazi walikuwa wameshakubaliana: nyumba ya bibi ivunjwe, ijengwe ya bloku. Fedha za tumbaku zilikuwapo. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuoni Dar, nasomea ujenzi, na nilikuwa nimependa majengo ya kale kwa moyo wote. Nilikuwa nikipita stesheni yetu, iliyojengwa enzi za Wajerumani baada ya reli kufika hapa mwaka 1912, nasimama kwenye kivuli chake bila kuwa na safari. Nilikuwa napanda hadi karibu na Boma kutazama tu mawe yalivyokaa. Halafu nije nyumbani niambiwe tembe la babu linavunjwa?

Babu alilijenga mwenyewe, kwa miti na udongo, likiwa na paa la udongo pia, la bapa. Bati lilikuja baadaye sana. Kuta zilibaki zilezile, nene kiasi kwamba kwenye dirisha tulikuwa tunakaa watoto wawili tukitazamana. Katikati kulikuwa na nguzo ya mninga ambayo migongo ya watu iliing'arisha kuliko vanishi yoyote. Niliwaambia wazee wangu kwamba hiyo ni hazina. Baba mdogo akanijibu kwa upole, "Sawa, mwambie mwenye nyumba."

Kwa hiyo nikapanga kumpeleka bibi Kwihara.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Kule nje kidogo ya mji kuna tembe kama lake, na watu wanavuka bahari kuja kuliona. Akiliona linavyoheshimiwa, ataiheshimu nyumba yake. Nilikodi teksi. Bibi akavaa kitenge kipya, akafunga kilemba, na njia nzima alikuwa anasalimiana na watu kupitia dirishani, "Mwangaluka! Mwangaluka!", kana kwamba anakwenda harusini.

Tulipofika akavua ndala mlangoni. Hakuna aliyemwambia avue. Nikaanza kumweleza. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu wa mtihani: kwamba Stanley, yule mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone, alikaa hapa mwaka 1871, wakati watu wa mtemi Mirambo walipoingia Tabora wakachoma sehemu ya mji, akatoboa matundu kwenye kuta za tembe ili bunduki zitoke. Kwamba alikwenda Ujiji akamkuta Livingstone, wakarudi wote hapa Februari 1872. Kwamba Machi Stanley akashika njia ya pwani kwenda kumtafutia mwenzake wapagazi, na yule mzee akabaki hapahapa akingoja, mwezi baada ya mwezi, hadi tarehe 25 Agosti alipoondoka, asirudi tena akiwa hai. Ukutani kulikuwa na ramani na nakala za barua. Nikawa namwonyesha moja moja.

Bibi alizipita barua zote.

Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, mahali ambapo hapakuwa na picha. Akaweka kiganja. Hakuegemea. Alikiweka vile mtu anavyopima homa ya mtoto, kwanza kiganja, halafu mgongo wa mkono. Akaanza kukipandisha polepole. Mimi nilikuwa bado nazungumza habari za Livingstone, nikajikuta nanyamaza. Chumba kilikuwa na ule ubaridi wa udongo, mwanga unaingia kutoka uani kwa pembeni, na kwa mwanga huo wa pembeni ukuta ulionekana si bapa hata kidogo: una vilima, una mabonde, una sehemu umetoa tumbo kama mtungi. Mkono wa bibi ulifuata vilima hivyo kimoja kimoja. Ukafika juu kidogo ya bega lake, ukasimama. Ukarudi nyuma. Ukaenda tena.

"Hapa alibadili mkono," akasema.

"Nani, bibi?"

"Aliyekandika. Mkono wa kulia ulichoka, akashika kwa kushoto. Unaona unavyolala huku?"

Nikaweka mkono wangu pale alipokuwa ameweka wake. Nilihisi ukuta tu. Akanishika kidole, akakiburuta, na kweli, mawimbi yalikuwa yanalala upande mmoja, halafu ghafla yakageukia upande mwingine. Nimesoma ujenzi, nimepima zege, nimepima kina cha misingi, na jambo lile sikuwahi kufundishwa na mtu.

Akageuka, akatazama huku na huku uani kama anayemtafuta mwenyeji. "Anayekandika hapa ni nani?"

Nikaanza kumjibu habari za makumbusho na serikali. Akasubiri nimalize, kwa adabu, halafu akakaa chini kizingitini, akanyoosha miguu yake miwili mbele yangu.

"Tazama visigino hivi," akasema. "Unadhani vimepasukia shambani? Udongo wa kichuguu, madebe ishirini, unaubeba kichwani. Maji, unayabeba kichwani. Samadi ya ng'ombe, unaomba kwa watu. Unachanganya kwa miguu asubuhi mpaka jua linakukuta hapo. Ndiyo uanze sasa kukandika, ndani, nje, halafu sakafu. Nilikandika nyumba ile nikiwa na mimba ya baba yako. Nilikandika siku chache baada ya kumzika babu yako, maana mvua haingoji matanga. Unasema nyumba yangu ni nzuri, mjukuu wangu. Ni nzuri. Mimi ndiye niliyekuwa naifanya nzuri, kila mwaka, miaka arobaini na mitatu. Sasa nataka nzuri nyingine. Nataka inayojifanya nzuri yenyewe."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku anasugua vumbi kwenye goti. Kisha akanipa mkono nimnyanyue, akaugusa ukuta mara moja tena, kidogo, kama mtu anavyomgusa bega mwenzake wakati wa kuagana, akavaa ndala zake. Ndani ya teksi akasema neno moja tu ambalo nililifikisha kwa baba mdogo kama lilivyo: wavunje kabla ya mvua.

Ilichukua siku mbili. Kuta zilianguka kirahisi kuliko nilivyofikiri, zikitoa vumbi jekundu na mchwa. Ile nguzo ya mninga ilihitaji wanaume wanne, na haikuwa imeliwa hata mahali pamoja. Udongo wote wa kuta haukutupwa. Fundi alipomaliza msingi wa mawe aliurudisha ndani, tukaushindilia, ukawa kifusi, juu yake ukamwagwa zege. Mwaka uliofuata bibi akahamia kwenye bloku zilizopigwa plasta, dari ya jipsamu, bati la migongo mipana, tailisi nyeupe sebule nzima.

Nataka niseme jambo hili wazi, kwa sababu sisi tunaopenda majengo ya zamani huwa tunaliruka. Nyumba ile mpya ilikuwa nzuri. Asubuhi ya kwanza nilimkuta bibi amesimama peku katikati ya sebule. Jua lilikuwa linaingia dirishani na lile dirisha lote lilikuwa limelala sakafuni, mraba wa mwanga, na bibi yumo ndani yake. Alikuwa anatazama miguu yake. Sakafu aliyoipaka samadi maisha yake yote sasa ilikuwa inarudisha mwanga. Alipitisha kitambaa mara moja, ikang'aa, akacheka kwa sauti.

Na saa nane mchana haikukalika. Udongo mnene unachukua siku nzima kupata joto, na ukianza kulitoa ndani tayari ni usiku, wakati unalihitaji. Bati linakupa papo hapo. Oktoba lilikuwa linalia juu ya dari, kaka, kaka, likitanuka, na bibi anachukua mkeka wake anakwenda chini ya mwembe hadi alasiri. Nikamuuliza kama hajutii. Akasema mwembe ndicho chumba chake cha mchana. Alifariki mwaka 2017, na katika miaka yote hiyo sikumsikia hata siku moja akiitaja nyumba ya zamani kwa kuitamani. Niliyekuwa naitamani ni mimi.

Nimekuwa nikimtafutia hiyo nyumba inayojifanya nzuri yenyewe. Ni kazi yangu. Sijaipata. Hizi za paa la kuficha, watu hawapendi kusikia, lakini bati limelazwa chini mno nyuma ya ule ukuta, maji yote yanakimbilia gata la ndani, na majani ya mwembe yakiliziba, maji yanageukia ukuta. Januari napigiwa simu: fundi, rangi inavimba. Nawaambia gata lisafishwe kabla ya Novemba, kila mwaka, na lazima mtu apande. Wananitazama vilevile bibi alivyonitazama nilipomweleza habari za Livingstone. Tembe la udongo nalo lilikuwa na shida hiyohiyo juu yake: mvua kubwa ikipita, lazima mtu apande na debe la udongo kuziba nyufa.

Mwaka juzi nilipanda treni ya mwendokasi kwenda Dodoma. Stesheni ya Dar wameichora kwa umbo la tanzanaiti, na niliposimama chini yake nilihisi koo limenikaza, kwa sababu kuna mtu aliyetazama jiwe letu akaona jengo. Nilitamani bibi angekuwapo aguse kile kioo. Nilitamani pia kumuuliza nani ana ngazi ndefu ya kukifuta. Nampenda sana aliyelichora, na bado nikifika Tabora kwenye stesheni ya Mjerumani ninakaa kwenye kivuli kilekile cha utotoni, mgongo ukutani, na mwili wangu unasema hapa ndipo. Labda ni mazoea. Sijui kama uzuri na mazoea vina mpaka, na kama upo, ukuta gani unautenga.

"Baba, hujanijibu."

Mtoto alikuwa amejiegemeza kwenye viwiko, penseli sikioni kama fundi. Nikamwambia ndiyo, walikuwa nalo paa la kuficha, la udongo. Nikamsimulia habari za nyumba ya bibi yake mkuu, na nguzo, na dirisha la watoto wawili.

"Iko wapi sasa?"

"Umeilalia."

Akanyanyuka haraka kana kwamba amelala juu ya mtu. Nikamweleza habari za kifusi, kwamba kuta zote zipo hapo chini, chini ya zege, chini ya tailisi. Akafikiri. Akaitoa penseli sikioni, akaigeuza, akagonga tailisi moja kwa kitako chake na kusikiliza. Akasogea kwa magoti, akagonga ya pili. Ya tatu. Karibu na mlango ipo moja inayolia tupu, kwa maana kifusi cha udongo huendelea kushuka kidogo kidogo hata miaka mingi baada ya fundi kuondoka. Alipoifikia aliinua macho akaniangalia, kisha akaweka kiganja juu yake.