Pole ya baba mkwe

Tangu Jumapili jioni neno moja la baba mkwe limekataa kuniondoka. Si tusi wala si neno zito; ni neno ambalo watu wa hapa Kisumu huambiana kutwa nzima, kuanzia kwa aliyejikwaa hadi kwa aliyefiwa. Mnakumbuka nilivyosita kwa miezi mingi kabla ya kuipeleka Kibos mashine yangu ya kutafutia metali ardhini, kwa sababu mkwe kuchimbachimba shamba la wakwe zake si jambo jepesi, hasa akiwa Mmaragoli ambaye hata salamu za Kijaluo bado anazitafuna. Ruhusa ilipitia kwa shemeji, ikarudi na masharti mawili: nisikaribie boma, na kila shimo nilifukie.

Nilianza saa moja asubuhi kwenye ukingo wa shamba ulioelekea reli, nikijihadhari nisivuke kuingia katika ardhi ya reli yenyewe. Njia hiyo ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901, na mahali ambapo watu wamepita kwa zaidi ya karne nzima hapakosi kitu kilichodondoka. Kwa saa tatu kitu hicho kilikuwa vizibo vya soda. Mashine hupeleka uga wa sumaku ardhini na kusikiliza jinsi metali inavyoujibu, lakini kuhusu thamani haina habari, na kizibo kilichopinda kinaweza kuidanganya kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kuiwaza chai niliposikia mlio wa juu, mkavu, usiobadilika hata nilipozunguka na kuupitia kutoka upande wa pili. Kwenye kina cha kiganja, ndani ya ule udongo mweusi wa Kano unaonata kama ugali usioiva, nikatoa senti kumi ya shaba nyeusi, yenye tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka tundu hilo.

Niliisafisha kwa maji matupu (wanaosugua sarafu za zamani kwa mchanga nimeshawasema hapa mara nyingi), nikasoma mwaka 1936 na jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alitawala kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo huo, hakuwahi kutawazwa, akakiacha kiti ili amwoe mwanamke Mmarekani aliyepewa talaka. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Huku Afrika Mashariki tundu lilikuwa limekwisha kuinyima sura nafasi, likabaki jina tu, na jina hilo likazunguka mikononi mwa wauza samaki na wakata miwa. Senti yenyewe si adimu na bei yake ni ndogo, lakini nilitetemeka kama niliyeokota almasi.

Nikampelekea Mzee chini ya mwembe, nikamsimulia yote hayo nikiwa nimesimama, matope hadi magotini. Alisikiliza hadi mwisho, akaigeuza senti mara mbili.

“Na kwa kazi hii, Mwalimu, unalipwa na nani?”

“Silipwi, Baba. Ni mapenzi tu.”

Akaniangalia kwa muda. “Basi, pole.”

Akaitia mfukoni. Hilo sikuliwekea kinyongo, kwa maana shamba ni lake. Sheria ya urithi wa taifa ya 2006 huhesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, hivyo senti ya 1936 haikuwa na haja ya kupelekwa makumbusho. Kilichonikaa ni ile pole. Aliisema taratibu, pasipo kicheko, kama unavyomwambia mtu ambaye ng'ombe wake amekufa. Wiki hii mama watoto amepokea ile barua ya kupandishwa cheo aliyoingojea miaka minne, na shule yetu imepata mkuu mpya, lakini mimi nilikuwa ubaoni nikichora mawimbi huku nikijiuliza kama ingefaa nijibu “asante” au “nimeshapoa”. Nilikaa kimya. Mkwe aliyeambiwa pole akakaa kimya, si amekubali kwamba amepatwa na jambo?

Jana shemeji alipiga simu, akicheka hata nikamwomba aanze upya. Mzee ameipitisha kamba kwenye tundu la ile senti na kuifunga pamoja na ufunguo wa ghala. Kila mgeni anayeingia huonyeshwa na kusimuliwa habari za mfalme aliyeacha kiti kwa ajili ya mke, na masimulizi yamenyooka, mwaka na tundu na yote. Kisha Mzee humalizia kwa kusema kwamba mkwe wake huifanya kazi hiyo kwa niaba ya serikali, na kwamba mshahara wake si haba.

Kumbe pole ilikuwa pole. Alinihurumia kweli, kisha akanisitiri. Nimecheka peke yangu jikoni, halafu nikakumbuka kwamba Jumapili nitakaa mbele ya wageni hao hao na mmoja wao hatakosa kuniuliza kama serikali inaajiri vijana. Nikikana, nimemwita mzee wangu mwongo kwake mwenyewe.

Hayo nitayafikiria kesho. Usiku huu mfugo wetu Chausiku hajagusa majani tangu machweo, pumzi zake zinasikika hadi hapa dirishani, na daktari wa mifugo hapokei simu.