Ulanga wa kwenye sinema

Likizo ya Desemba 2004 mjomba alishuka Ifakara kutoka Dar na deki na mikanda chungu nzima ya video. Mmoja ulikuwa The African Queen, sinema ya 1951. Babu, aliyezeekea kwenye mtumbwi akivusha watu mto Kilombero, hakuwa na habari na deki. Alivuta kigoda aliposikia neno moja tu: Ulanga.

"Ulanga upi?" Wazee wetu huuita Kilombero hivyo hivyo.

Nikawa mkalimani. Ni 1914, nikamwambia, Mjerumani bado anatawala, na Rose na Charlie wanateremka mto kwa boti ya mvuke wakazamishe meli yake ziwani. Babu alicheka mpaka akakohoa.

"Ziwa gani, mjukuu wangu? Ulanga unakutana na Luwegu, unakuwa Rufiji, huyoo baharini! Hao wamepotea tangu nyumbani kwao."

Basi kila kitu kikawa na kasoro. Upondo wanaushika vibaya, sijui boti ina kelele za kufukuza samaki wote. Nilichoka kutafsiri.

Kisha wakaingia kwenye matete. Boti ikagoma, Charlie akashuka majini kuivuta kwa kamba. Alipopanda, ruba wamemganda mwili mzima, anatetemeka. Rose anawamwagia chumvi. ("Sisi tulitumia tumbaku," babu akanong'ona.) Charlie akaiangalia ile kamba, akashuka tena.

"Huyo sasa mtu wa mto," babu akasema, na hakucheka tena. Baadaye sana nilisoma kwamba Bogart, aliyeigiza Charlie, alivuta boti ile kwenye maji ya studio, karibu na London. Babu alikuwa ameshazikwa.

Wakakwama kabisa, homa juu. Usiku mvua ikanyesha mbali, huko mto unakotoka, maji yakapanda taratibu na boti ikaelea yenyewe.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akaniambia aliwahi kulala ndani ya mtumbwi juu ya tope kavu, nyota zimejaa, hakuna hata wingu. Alfajiri akaamka anaelea. Ilikuwa imenyesha milimani Udzungwa.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu umeme ukakatika. Mjomba alisonya, maana meli ya Mjerumani ilikuwa bado. Babu hakuuliza habari za meli. Gizani alitaka kujua boti ile ilitokea upande gani wa matete.