Nusu ya sahani ya baba

Baba alipotoka hospitalini baada ya kiharusi, mama alianza kununa. Kila akimpakulia ndizi na maharage, mzee anakula nusu, anasukuma sahani, kisha: "Siku hizi mnanipimia chakula?" Nusu ya kushoto ipo pale pale, kama imekatwa kwa kisu. Ndevu nazo vivyo hivyo: shavu la kulia linang'aa, la kushoto kichaka.

Tunaishi Tukuyu. Siku ile aliamka mkono wa kushoto mzito, kikombe cha chai kikamponyoka, na mdomo ukawa umeshuka upande huo huo. Shangazi akasema ni upepo mbaya. Jirani akaja na aspirini, nikaizuia: kama mshipa wa ubongo umepasuka, dawa hiyo huzidisha damu kuvuja, na kwa macho huwezi kujua kama umepasuka au umeziba. Tukakodi gari hadi Mbeya mjini. Presha 210 kwa 120. Vidonge alishaviacha, eti anajisikia mzima (presha haiumi, ndiyo ubaya wake), na sigara hakuacha.

Kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kilionyesha mshipa umeziba, ubongo wa kulia. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Zake zilianza usingizini, saa hatuijui, basi hiyo ikatupita.

Kwamba ubongo wa kulia huendesha mkono wa kushoto nilijua. Wodini kitanda cha pili alikuwepo mzee aliyeumia ubongo wa kushoto: mkono wa kulia umelegea, anaelewa yote unayomwambia, ila maneno hayatoki. Baba anaongea vizuri tu, ndiyo maana tulidhani ni ukaidi. Mtaalamu wa mazoezi tiba akampa kalamu achore saa. Akachora duara, namba zote 12 akazirundika kulia. Macho yake mazima, mtaalamu akatuambia. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayotupia macho upande wa kushoto. Kwake upande huo haupo.

Mwanzoni nilikuwa namgeuzia sahani. Tumbo lilishiba, ubongo haukujifunza kitu. Nikaacha. Nikashona kipande cha kitenge chekundu kwenye ukingo wa kushoto wa sinia, na kabla hajaanza kula namwambia, "Baba, tafuta nyekundu." Redio nikaihamishia kushoto, nami nikawa nakaa huko huko. Alinuna wiki nzima. Jiko la mkaa tuliliweka mbali, maana mara moja nilikuta mkono wake umelala karibu kabisa na moto na yeye hana habari.

Mwezi wa tatu wa zoezi hilo nikapeleka chakula nikasahau kitambaa. Akala upande wa kulia, akatulia. Kisha shingo ikageuka taratibu, kama mlango wenye kutu.

"Kumbe mama yako ameweka na parachichi."