Siku moja maishani mwangu: tani 50 kwenye mteremko wa Kitonga

Saa 11 alfajiri, Makambako. Kabla ya kuwasha lori lililobeba shaba ya kwenda bandari ya Dar es Salaam, mimi na utingo wangu tunalizunguka tela tukikagua matairi, mabomba ya upepo wa breki na minyororo. Wapita njia wakiona shaba imelala chini huku sehemu kubwa ya tela ikiwa wazi, hudhani tumebeba nusu mzigo, ilhali mita moja ya ujazo wa shaba ina karibu tani 9, hivyo gari hufikia kikomo cha uzito mapema sana. Minyororo nayo haipo kwa ajili ya wezi. Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo huo hadi kani nyingine ikizuie; nikifunga breki ghafla, lori litapunguza kasi lakini shaba itaendelea kwenda mbele, na mbele yake nimekaa mimi.

Mafinga, foleni ya mzani, chai, Ipogolo.

Saa 5 asubuhi tunaipita Ilula, na muda si mrefu mlima Kitonga unaanza. Gia ndogo naichagua nikiwa bado kileleni, kabla ya kushuka, kwa sababu ukiitoa katikati ya mteremko na nyingine ikakataa kuingia, injini haikushikilii tena. Lori na mzigo wake ni tani 50. Mahali ambapo barabara inashuka mita 1 kwa kila mita 10, kani inayotuvuta kuelekea bondeni ni sawa na uzito wa tani 5, nayo haipumziki hata sekunde moja. Nikitegemea breki peke yake, msuguano utazichemsha dramu, yaani ngoma za breki zilizo magurudumuni, na lainingi zinazozibana, mpaka zishindwe kushika. Ndiyo maana naiacha injini ifanye kazi kubwa ya kulizuia gari, nami nashuka kwa kilomita 20 kwa saa. Kwa kilomita 40, nishati ambayo breki zingepaswa kuigeuza kuwa joto ili kulisimamisha gari isingekuwa mara mbili, ingekuwa mara nne.

Haya yote hayaonekani kwa aliye nyuma yangu. Leo alikuwa na gari dogo jeupe, akapiga honi kona baada ya kona, akawasha taa, akachungulia upande wa kulia akarudi, kisha akanipita mahali pasiporuhusiwa na kujiingiza katika nafasi niliyoiacha mbele yangu kwa makusudi. Palepale akakutana na basi linalopanda, akafunga breki. Yeye alisimama papo hapo. Mimi nilikanyaga breki, nikahisi tela likinisukuma mgongoni, na taa zake nyekundu zikanijia karibu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Alipoondoka nikaanza upya kuitengeneza ile nafasi, mwingine akaijaza. Wanaiona nafasi tupu barabarani, kumbe ni sehemu ya breki zangu, na kila anayeingia humo ananipunguzia breki bila kujua. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, shati limelowa, na saa sikuitazama tena.

Ruaha Mbuyuni, penye wauza vitunguu, nilimkuta yule dereva akinunua. Akanifuata.

“Shikamoo mzee. Mbona mlimani ulituchelewesha vile?”

“Marahaba, mwanangu. Njoo uone.”

Nilikuwa nikipitisha mgongo wa kiganja karibu na kila dramu, bila kuigusa, kupima joto. Nikamwelekeza moja ya tela iliyokuwa karibu baridi. Alidhani hiyo ndiyo nzima. Nikamweleza kwamba dramu ya baridi baada ya Kitonga haikushika, na kazi yake imebebwa na nyingine, ambazo ndizo zinazonuka moshi. Aliinama akazitazama moja moja, akauliza umbali ninaohitaji ili nisimame nikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Nikamwambia kwamba kabla mguu haujafika kwenye breki, sekunde moja tu ya kushtuka imekwisha kula mita 22.

Utingo aliingia chini ya tela na spana, akaikaza breki ile, tukajaribu gari kwa mwendo mdogo mpaka nikaridhika. Tulifika Mikumi usiku, nikalala bila kula.